Sifa za Profoma ya Tatu

Bwana harusi huimbiwa, mpambe hupigwa picha, mshenga hupewa asante yake. Msindikizaji hula ukoko wa pilau, hurudi kwao kwa miguu, na kesho yake hakuna anayekumbuka alivaa nini. Leo namshika mkono msindikizaji mmoja nimsifu angali hai: profoma ya tatu.

Asiyepata kukaa kwenye kamati ya manunuzi ya shule huenda haifahamu. (Sheria inasema ununuzi, nasi tunasema manunuzi, sheria itatuvumilia.) Mimi nilikaa, wakati shule yetu inajenga kwa fosi akaunti, yaani fedha inaingia akaunti ya shule, shule inanunua vifaa yenyewe, na fundi wa hapo hapo mtaani analipwa ufundi wake tu. Mwishoni mwa 2021 karibu kila kata ya Tanzania iliingia katika shughuli hiyo: madarasa 15,000, yakiwemo 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, kila moja kwa shilingi milioni 20, kutoka kwenye mkopo wa trilioni 1.3 wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliokuja na UVIKO-19. Januari watoto walitakiwa wakute dawati chini ya bati. Tukaundiwa kamati tatu. Ya ujenzi inamsimamia fundi, ya mapokezi inahesabu mifuko ya saruji ikishuka kwenye gari, na ya manunuzi, yaani sisi, kazi yetu ilikuwa kuketi na kulinganisha bei. Kulinganisha kunataka bei za wauzaji wasiopungua watatu, kila mmoja na karatasi yake ya bei, yaani profoma. Hapo ndipo mheshimiwa wangu anapoingia.

Tusiibeze hiyo tatu. Bibi zetu waliijua kabla ya bunge lolote: chungu hakikai juu ya mafiga mawili. Chama tawala nacho kiliwahi kuyafanya mafiga matatu kuwa kaulimbiu ya kampeni, kwa hiyo hapa hata siasa imetia saini. Figa la kwanza ni profoma ya mshindi, na sifa zake zinajulikana. La pili ni la mshindani, ambaye angalau ana duka. La tatu halina duka, halina mzigo, wala halina mteja hata mmoja, na bado bila hilo chungu kinamwagika.

Niliyaona haya kwa macho yangu. Mji wetu mdogo ulikuwa na duka moja tu la hadiwea lenye mzigo wa kutosha: bati za geji 28, nondo za milimita 12, kofia, misumari, mbao za mbili kwa nne. Duka la pili liliuza rangi, vitasa, na saruji pale inapopatikana. Duka la tatu lilikuwa mkoani, nauli ya kwenda na kurudi, pengine na kulala. Msingi ulikwishachimbwa, wingu limetanda, na fundi amekaa juu ya toroli lake anatuangalia kama mtu anayesubiri maiti itolewe hospitali. Mwenye duka akamwambia mwalimu mkuu, "Mwalimu, kaa, kunywa soda." Soda haijafika nusu, profoma tatu zimeshatoka kwenye printa, zikagongwa mihuri mitatu ya rangi tatu, na moja ikakunjwa kidogo ionekane imesafiri.

Hebu niambie ni kiumbe gani kingine kinachozaliwa kwa haraka hivyo, kikiwa na anwani, namba ya simu na saini ya mkurugenzi.

Angalia na unyenyekevu wake. Bei yake huwa juu ya mwenzake kwa kiasi cha adabu. Mfuko wa saruji ukizidi shilingi mia tano kwa wa pili, kwake utazidi elfu moja; hahamaki, hadai nafasi, hakati rufaa. Nchi ina mamlaka kamili ya kusikiliza rufani za wazabuni walioonewa, na sijapata kusikia profoma ya tatu imeisumbua. Inaingia mashindanoni ikijua itashindwa, inashindwa, inalala kwenye faili, na wiki inayofuata inaitika tena wito wa shule nyingine kwa moyo uleule. Ni wachezaji wangapi wa ligi kuu wanaojituma hivyo?

Uaminifu wake kwa ukoo ndio ulionigusa zaidi. Siku moja nilizipanga tatu mezani nikazisoma neno kwa neno, kazi ambayo naambiwa si desturi. Profoma ya kwanza iliandika "misumali ya bati". Ya pili ikaandika "misumali ya bati". Ya tatu, kutoka kampuni ya mkoa mwingine kabisa, ikaandika "misumali ya bati". Wakurugenzi watatu wasiofahamiana, na wote ulimi umeteleza mahali pamoja! Wakaguzi kote duniani hufundishwa kwamba kosa moja likijirudia kwenye bei za washindani watatu ni dalili ya njama, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inapiga marufuku kula njama katika zabuni. Mimi niliona udugu.

Nikiri kwamba mara moja ilitutia hofu. Kijana wa dukani aliyekuwa akichapa alidondosha sifuri moja, na profoma ya tatu ikatoka na bati za bei ya chini kuliko zote. Ikawa imeshinda! Kamati ikanyamaza. Kwa kanuni, tumpe kazi aliye chini. Kwa ukweli, aliye chini ni muhuri ndani ya droo. Mzee mmoja mjumbe, mkulima wa mihogo, akauliza kwa upole, "Sasa huyu mshindi wetu tutamkuta wapi?" Mwalimu mkuu akaichukua ile karatasi, akaenda nayo dukani, na baada ya robo saa alirudi na nyingine ambayo sifuri yake ilikuwa imepatikana. Tukapumua. Muhtasari wa kikao unasema wajumbe walijadili kwa kina.

Hapa ndipo watu wa mjini huanza kusema wizi. Wizi upo, na profoma ya tatu imeufungulia mlango mara nyingi. Nisingeitendea haki nikiificha kazi hiyo. Bei ya serikali ni ndugu yake wa damu. Nenda na hela yako dukani, mfuko una bei moja. Nenda na barua ya shule, una bei nyingine. Mwenye duka ana hesabu yake: serikali itamkata kodi ya zuio ya asilimia 2, malipo yatakuja mfumo ukipenda, na kuna watu wa kuwakumbuka njiani. Rais Magufuli alilipigia kelele jambo hili tangu anaingia Ikulu, sheria ikarekebishwa 2016, na bado ukitaja serikali kaunta, kalamu hupanda yenyewe. Bei hiyo ya juu inahitaji shahidi wa kuapa kwamba ni ya chini. Shahidi ni nani?

Lakini kwetu siku ile hakuna aliyeiba bati hata moja. Nilizihesabu mwenyewe na watu wa mapokezi, mvua ikitunyeshea. Bei ilikuwa ileile anayouziwa yeyote, nikiondoa hiyo kodi ya zuio. Tulidanganya ili tuwe safi, maana ukweli wa mji wenye duka moja hauna kisanduku kwenye fomu. Mkaguzi angekuja akakuta profoma moja, basi ni hoja ya ukaguzi. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu hazikosi kutaja manunuzi yaliyofanywa bila ushindani. Mkaguzi alikuja kweli, miezi kadhaa baadaye. Akafungua faili, akalowesha kidole, akahesabu moja, mbili, tatu, akaweka tiki. Hakuuliza kuhusu misumali.

Ndiyo maana naiona ina umri mrefu kuliko mabwana zake. Sheria ya ununuzi wa umma ilitungwa 2001, ikaandikwa upya 2004, ikaandikwa upya 2011, ikaandikwa upya 2023. Profoma ya tatu imehudhuria mazishi ya sheria tatu, ikiwa imevaa muhuri wa bluu, na kila mara ilikuwa ya kwanza kumpongeza mrithi. Mpango wa manunuzi wa mwaka hauwezi kujivunia hilo: tunauandika kabla ya kuijua fedha, fedha inakuja baada ya kuusahau mpango, na Juni 30 inatukuta tukinunua kwa mbio kilichoandikiwa Septemba.

Sasa mfumo wa manunuzi wa mtandaoni, NeST, umeingia. Tangu Oktoba 2023 taasisi za umma zimetakiwa zinunue kupitia humo, na walimu wakuu nao wakafundishwa kuutumia. Muuzaji asiyesajiliwa haonekani, bei zinafunguliwa kwa saa iliyopangwa, na ukoko wa pilau haujapangiwa mtu. Mwalimu wetu anapanda kichuguu nyuma ya choo cha wavulana kutafuta mtandao, simu ameinyanyua kama mtu anayepunga ndege. Anasema wino wa muhuri ulikuwa haukatiki.

Juzi nilipita pale dukani kununua kitasa. Mwenye duka alikuwa na mjukuu wake kaunta, wa darasa la pili, anafanya kazi ya nyumbani. Nikachungulia daftari. Kila jumlisha aliyoimaliza alikuwa ameigongea muhuri wa bluu, wa kampuni ya mkoa mwingine, wenye sanduku la posta na maneno "Mkurugenzi Mtendaji". Babu yake akaniona ninavyousoma. "Mwache," akasema, "ndiye anautumia siku hizi."