Uainishaji wa Awali wa Waombolezaji, kwa Kufuata Wanakodhani Marehemu Amekwenda

Mwaka 1735 Carl Linnaeus wa Uswidi alichapa kitabu kilichowapanga wanyama, mimea na hata mawe katika makundi. Watu waliokaa chini ya turubai la msiba Dar es Salaam hakuwafikia. Makala haya yanakusudia kuziba pengo hilo.

Kwanza, njia ya utafiti. Mtafiti alikaa kwenye kiti cha plastiki, akala pilau ya watu, akasikiliza. Wakati mzuri wa kukusanya data ni baada ya mazishi, kahawa ikishapita mara ya pili na wacheza dhumna wakiwa wamechoka kubishana. Kabla ya hapo kila mtu husema kazi ya Mungu haina makosa, na kauli hiyo haiainishiki.

Kundi kubwa ni la Wenye Ramani. Hawa njia wanaijua. Mwislamu atakueleza kuhusu Munkari na Nakiri, malaika wanaomhoji maiti kaburini, kisha barzakhi mpaka Kiyama. Mkatoliki ataweka kituo njiani, toharani, ndiyo maana anaombea misa. Mlutheri anaikubali safari lakini kituo hicho hakitambui. Msabato anasema safari yenyewe hakuna: marehemu amelala, hajui lolote, hadi parapanda ilie. Mhindu kwa kawaida hatumii kaburi. Mwili huchomwa, na roho inatafuta pa kuzaliwa tena.

Mtafiti alitarajia ugomvi uwe kati ya spishi zilizo mbalimbali. La hasha. Shehe na padri hupishana kwa adabu, wakiulizana hali za watoto. Vita huzuka ndani ya spishi moja: waumini wa msikiti mmoja, kaburi ndio kwanza limefukiwa, wakishindana kama talakini, yaani kumkumbusha maiti majibu, isomwe au ni bidaa, uzushi katika dini. Marehemu, ambaye kwa maelezo ya pande zote mbili alikuwa na mtihani mbele yake, hakupata utulivu wa kujiandaa.

Kundi la pili ni Wapimaji. Babu yao ni Duncan MacDougall, daktari wa Haverhill, Massachusetts, ambaye matokeo yake yalitangazwa mwaka 1907. Aliwalaza wagonjwa mahututi sita kwenye kitanda kilichofungwa mzani, akasubiri wakate roho. Mmoja akapungua takriban gramu 21. Wengine majibu yao hayakulingana. Akapima na mbwa 15, hawakupungua kitu, akahitimisha kuwa mbwa hana roho. Dunia ikasahau wale wengine, ikabaki na gramu 21 za yule mmoja.

Mjukuu wa MacDougall tulimpata akiwa mwalimu wa fizikia wa sekondari ya jirani.

“Wazee wangu,” alisema, “nishati haiumbwi wala haipotei. Inabadilika tu.”

“Allahu akbar,” akaitikia mzee mmoja kwenye mkeka. “Si ndiyo tunayosema siku zote, Mwalimu?”

“Hapana mzee, nina maana joto la mwili limetoka, limeingia hewani.”

“Limekwenda wapi huko hewani?”

“Limetawanyika.”

“Lakini halijapotea?”

“Halijapotea.”

“Basi,” mzee akasema, akamwongezea kahawa.

Wapo Wapimaji wanaokwenda mbali zaidi. Tangu 1967 mwili wa Mmarekani James Bedford umehifadhiwa kwa kugandishwa, ukingoja sayansi ijifunze kumwamsha. Spishi hiyo kwetu haipo. Ndugu wangeuliza tunazika saa ngapi.

Kundi la tatu, Wapelelezi, hukaa pembeni karibu na gari na husema kwa sauti ya chini: si bure, kuna mkono wa mtu. Daktari kaandika presha. Mpelelezi haikatai presha. Anauliza kwa nini impate huyu, na kwa nini mwezi uleule aliopandishwa cheo. Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard aliliandika jambo hili mwaka 1937, baada ya kuishi na Wazande. Ghala likimwangukia mtu, Mzande anajua vizuri kuwa mchwa wamekula nguzo. Anachotaka kujua ni kwa nini lidondoke saa ileile fulani alipokaa chini yake. Kwa maoni ya mtafiti, hili ndilo kundi linalouliza swali zuri kuliko yote msibani, tena ndilo lenye jibu baya kuliko yote, kwa sababu halina jaribio linaloweza kulikanusha. Na hapa utani ukae pembeni: Kanda ya Ziwa vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, na mengi ya macho hayo yalipata wekundu wake kwenye moshi wa jikoni.

Wenye Bima, wanaohudhuria kisomo, misa na kwa mganga katika wiki moja, hawahitaji maelezo marefu. Blaise Pascal, mwanahisabati wa Ufaransa, aliwapigia hesabu ya dau lao katika karne ya 17.

Ugumu ulijitokeza tulipotaka kufunga jedwali. Vielelezo havitulii. Mwalimu wa fizikia ndiye msimamizi wa kundi la WhatsApp la mtaa, na namba ya marehemu bado imo, na picha yake amevaa kofia ya harusini. Mjumbe mmoja alimkumbusha aitoe. Mwalimu akajibu, “Tumwache kwanza.” Hakueleza ni nani wa kuachwa, ikiwa joto limeshatawanyika.

John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, angemwelewa. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 alieleza kuwa kwa jamii nyingi za Kiafrika mtu aliyekufa hubaki katika sasa maadamu yupo anayemjua kwa jina. Akifa wa mwisho wa hao, ndipo naye huzama katika zamani. Kwa kipimo hicho, Mwalimu ni mfuasi wa wahenga mwenye shahada ya sayansi. Shehe naye aliwahi kuonekana akiuliza hospitali kama moyo ungeweza kushtuliwa tena.

Tunapendekeza, basi, waombolezaji waainishwe kwa saa, si kwa dini. Msomaji anayemfahamu mtu aliyebaki katika kundi moja tangu msiba ulipotangazwa hadi arobaini, atuletee taarifa zake. Mwalimu wa fizikia msitupendekezee.