Ufunguo wa Pili wa Noah

Toyota Noah yetu ilishuka bandari ya Dar es Salaam na ufunguo mmoja, kama zinavyoshuka gari nyingi zilizotumika kutoka Japani. Huo mmoja ulibeba kila kitu: chuma cha kuwashia injini, rimoti ya kufungia milango, na ndani ya kichwa chake cha plastiki, chipu ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Maisha ya nyumba nzima yaliuzunguka. Anayetoka anauulizia jikoni, aliyeondoka nao anapigiwa kelele hadi getini. Kisha kitinda mimba wetu akautumbukiza kwenye ndoo ya nguo zilizolowekwa, na wiki hiyohiyo mama mkwe akawa njiani kutoka Tanga kuja kwenye arobaini ya mjukuu wake huko Kigamboni.

Tuliufungua kwa bisibisi ndogo, tukaukausha kivulini juu ya ungo, tukabadilisha betri. Ile bapa ya duara inaitwa CR2032, na namba hizo zina maana yake: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Ukipewa CR2016 kwa sababu "zinafanana", hiyo ni nusu ya unene na haitagusa sawasawa. Hata hivyo rimoti ilifufuka nusu tu. Siku inakubali, siku inakataa. Injini, lakini, iliwaka kila asubuhi bila kusita.

Mke wangu aliuliza swali ambalo kila mwenye gari angepaswa kujibiwa siku anapokabidhiwa funguo: inakuwaje milango haifunguki na injini inawaka? Jibu ni kwamba ndani ya kichwa kile kimoja kuna vitu viwili visivyojuana. Rimoti hutumia betri na hupeleka mawimbi ya redio kwa ajili ya milango. Chipu haina betri kabisa. Kuzunguka tundu la swichi kuna koili ya waya, na ufunguo unapoingia, koili huipa chipu nguvu kidogo ya kujitambulisha. Chipu ikijibu vizuri, kompyuta ya imobilaiza huruhusu injini iwake. Isipojibu, unabaki na taa ndogo nyekundu inayokonyeza. Ulaya ilifanya imobilaiza kuwa lazima kwa magari mapya ya abiria mwaka 1998. Gari za Japani za miaka ile, nyingine zinayo, nyingine hazina. Yetu inayo.

Kuishi bila rimoti tungeweza, ila si Dar. Gari isiyofungwa vizuri hupoteza vioo vya pembeni, swichi za madirisha na redio kabla hujamaliza kununua nyanya. Ndiyo maana watu huchora namba ya gari kwenye kila kioo na kila taa. Nasi kitasa cha mlango wa dereva kilikuwa kimelika, ufunguo unazunguka bila kushika. Rimoti ndiyo iliyokuwa kufuli letu.

Basi tukaenda Kariakoo. Duka la kwanza walitupa rimoti nzuri, mpya, yenye alama zilezile za vitufe, tukarudi nayo nyumbani na haikufua dafu. Shemeji, kaka yake mke wangu, ndiye aliyeigeuza akasoma maandishi madogo ya nyuma: 433. Hiyo ni megahezi 433.92, masafa ya rimoti za magari ya Ulaya. Gari la soko la Japani husikiliza karibu na 315. Ungeweza kubonyeza mpaka kidole kiote sugu, gari lisisikie. Hili muuzaji angeweza kulisema kwa sentensi moja, na naona ni haki ya mnunuzi kuambiwa. Duka la pili walituuliza kwanza gari limetoka nchi gani na la mwaka gani, wakafungua rimoti mbele yetu kuonyesha ubao wake, na fundi wa pembeni akachonga chuma cha ufunguo kwa kufuatisha cha zamani.

Jumamosi alasiri, chini ya mwembe, kazi ikaanza. Magari mengi ya Toyota ya kizazi cha Noah yetu huruhusu mwenyewe kusajili rimoti bila mashine yoyote, kwa mfululizo wa kufungua mlango na kuchomeka ufunguo. Hatua hazifanani kwa kila gari, na Toyota kwa Toyota hutofautiana, kwa hiyo tulikuwa na karatasi ya hatua za gari letu. Kifungua mimba wetu, binti wa kidato cha pili, aliisoma kwa sauti huku akitazama sekunde kwenye simu. Unakaa kiti cha dereva, mlango wako wazi, mingine imefungwa. Unachomeka ufunguo na kuuchomoa mara mbili ndani ya sekunde 5. Unafunga mlango na kuufungua mara mbili, unachomeka na kuchomoa, unafunga na kufungua tena mara mbili. Kila fungu lina sekunde 40. Kisha unachomeka, unafunga mlango, unazungusha swichi mpaka ON na kuirudisha. Gari likikuelewa, milango yote hujifunga na kujifungua yenyewe.

Halikutuelewa. Tulibamiza mlango ule mpaka watoto wa jirani wakaja kukaa ukutani na kuhesabu nasi kwa pamoja. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua mchele wa pilau ya kesho. Akasema, "Mwanangu, mbona hiyo taa ya ndani haiwaki mnapofungua?" Kweli, taa ya dari ilikuwa imezima mlango ukiwa wazi. Binti akainama kwenye nguzo ya mlango na kukuta kile kitufe kidogo chenye kofia ya mpira, ambacho mlango hukibonyeza ukifungwa. Kilikuwa kimezama ndani, kimeganda kwa vumbi na mafuta. Kwa hesabu ya gari, mlango wa dereva haukuwa umefunguliwa hata mara moja jioni ile. Tulikisugua kwa mswaki wa zamani na dawa ya kusafishia nyaya mpaka kikaanza kuruka chenyewe kidole kinapoachia, na taa ya dari ikawaka. Mama mkwe akarudi kwenye mchele wake.

Zamu iliyofuata alikaa shemeji. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka kwenye swichi. Gari letu, kama ndugu zake wengi jijini, kila ukiwasha swichi huongea Kijapani: sauti ya mwanamke mwenye adabu ikikumbusha kwamba kadi ya ETC, ile ya kulipia barabara kuu za Japani, haijachomekwa. Mama mkwe hakuwahi kuisikia. "Nani huyo humo ndani?" Shemeji akageuka kumjibu, mkono ukazungusha swichi mara ya pili. Milango ikajifunga na kujifungua mara mbili.

Mara moja kwenye swichi ni kuongeza rimoti mpya juu ya zilizopo. Mara mbili ni kufuta zote na kuanza upya. Rimoti mpya iliingia, na furaha ilikuwa kubwa, vigelegele kutoka mkekani na makofi kutoka ukutani. Mke wangu akabonyeza ile ya zamani iliyokuwa mkononi mwake: kimya. Gari lilikuwa limeisahau. Dawa yake ni kurudia mfululizo wote, sasa kwa kuongeza, kwani gari hizi kwa kawaida hukumbuka hadi rimoti nne. Tukarudia, mara hii mama mkwe akiwa ameshapewa habari za kadi ya Japani, na mwitikio mmoja wa milango ukatuthibitishia.

Binti akataka kujua kama rimoti ya Noah ya jirani ingeweza kufungua ya kwetu. Haiwezi. Kila rimoti ina utambulisho wake, na kila ukibonyeza hutoa msimbo mpya ambao gari linaujua kwa mfuatano. Mwizi akirekodi wa leo, kesho haufai. Mojawapo ya mifumo iliyosambaa zaidi duniani ya kazi hii, KeeLoq, ilibuniwa Afrika Kusini katikati ya miaka ya 1980 na kampuni ya Nanoteq, kisha ikauzwa kwa Microchip ya Marekani mwaka 1995. Binti aliandika hilo kwenye daftari lake la fizikia, na mimi nilifurahi zaidi kwa hilo kuliko kwa rimoti yenyewe.

Bado kulikuwa na la usiku. Sufuria za pilau na masanduku ya vikombe yalipakiwa mapema ili asubuhi tuwahi daraja la kwenda Kigamboni. Kitinda mimba akabonyeza kufungua, akatupia funguo zote mbili kwenye kiti kupitia dirishani, akakimbilia kula. Gari hizi, ukifungua kwa rimoti na mlango wowote usifunguliwe, hujifunga tena zenyewe baada ya sekunde 30 hivi, ili usiliache wazi bila kujua. Likajifunga. Ufunguo wa zamani ndani, mpya ndani. Kioo cha dereva kilikuwa kimeshushwa upana wa kiganja, na mkono wa mtu mzima haupiti hapo. Shemeji akaanza kunyoosha henga. Mama mkwe akamsogeza pembeni, akaingiza mwiko wake mrefu wa pilau, akaushusha taratibu kwenye mlango wa dereva na kukandamiza swichi ya kufungua. Milango yote ikaitikia. Akaufuta mwiko kwa ncha ya khanga akarudi jikoni.

Alfajiri tulijaribu kuwasha kwa ufunguo mpya. Injini ilizunguka ikakataa, taa nyekundu ikakonyeza. Ni kama ilivyotakiwa: milango ilikuwa imeijua rimoti, lakini chipu ya ufunguo mpya ilikuwa ngeni kwa imobilaiza, na sisi hatukuwa na namna ya kuisajili pale mwembeni. Tulikwenda Kigamboni na ufunguo wa zamani. Jumatatu fundi alichomeka mashine yake chini ya usukani, akaweka ufunguo wa zamani kwenye swichi, kisha mpya, na injini ikawaka.

Fundi huyo alinieleza kitu ambacho ndicho sababu ya mimi kuandika haya. Ufunguo wa zamani ukiwa hai, ndio unaoutambulisha mpya kwa gari, na kazi ni nyepesi. Ukipotea ukiwa wa pekee, katika gari nyingi za aina hii inabidi dashibodi ifunguliwe, kompyuta ya imobilaiza itolewe na kumbukumbu yake iandikwe upya, au ibadilishwe yote. Hiyo ni gharama nyingine kabisa, na gari hubebwa kwa kuvutwa.

Ndugu msomaji, kama gari lako lina ufunguo mmoja nao bado unawasha injini, upeleke kwa fundi wiki hii, na uchukue kadi ya gari, maana fundi mwaminifu atakuomba uionyeshe. Rimoti unaweza kuisajili nyumbani. Chipu mwachie mwenye mashine.