Mgeni wa Magurudumu Manne

(Gati la Lamu, saa kumi alasiri. Begi la plastiki ngumu, rangi ya chungwa, limefungwa kwa kamba juu ya mgongo wa Punda. Mwenye begi ameikataa boti ya Shela. Anataka kwenda kwa miguu ili auonje mji. Ametangulia, simu imemziba uso.)

BEGI: Nani msimamizi hapa? Nina magurudumu manne, yanazunguka kila upande. Niteremsheni nitembee mwenyewe.

PUNDA: Masalkheri. Kwetu mgeni huamkia kwanza, akalalamika baadaye.

BEGI: Masalkheri. Niteremshe.

PUNDA: Utakwenda mpaka kwenye jiwe la kwanza lililong'oka, ulale chali, nilaumiwe mimi. Tulia hapo juu.

BEGI: Tuliambiwa mji huu hauna magari.

PUNDA: Yalikuwa mawili matatu, ya serikali. Siku hizi kuna bodaboda. Zinanipigia honi njia ambayo babu zangu waliikanyaga kabla chuma hakijajua kutembea.

BEGI: Hayo mtayamaliza wenyewe. Sisi tumekuja kuona vivutio. Orodha ipo: ngome, msikiti wa kale, magofu ya Takwa, kisha tunamalizia na jangwa.

PUNDA: Jangwa lipi?

BEGI: La Shela. Bwana ameliona kwenye simu: vilima vya mchanga, hakuna nyumba, hakuna mtu. Mimi na majangwa tunajuana. Nimefika Petra. Nimefika Nizwa, kule Omani. Nimelala Wadi Rum.

PUNDA: Mashallah. Petra uliona nini?

BEGI: Mlango mkubwa uliochongwa kwenye jabali jekundu.

PUNDA: Uliuona kwa macho yako?

BEGI: Sasa... mimi nilibaki hotelini. Chini ya kitanda. Lakini usiku simu ilikuwa inachajiwa karibu yangu, ikanionyesha kila kitu.

PUNDA: Kumbe na wewe ni msikiaji tu kama mimi. Endelea.

BEGI: Kabla ya huo mlango kuna njia nyembamba katikati ya majabali. Picha zake nzuri sana. Kasoro moja: ukutani, pande zote mbili, kumechimbwa mfereji mrefu. Bwana akaukata kwenye picha.

PUNDA: Ulikuwa wa nini?

BEGI: Maji, nadhani. Nizwa vilevile. Ngome ni tukufu, mnara wa duara, lakini chini yake kunapita mfereji wa zamani wanaouita falaji. Mwongoza wageni akataka kuueleza, bwana akamwambia muda ni mdogo.

PUNDA: Watu wamechonga jabali karne na karne wapate tone la kunywa, bwana wako akamaliza kazi kwa kidole kimoja. (Anasimama.) Haya, fungua zipu utazame. Ngome ile pale.

BEGI: Niambie kwa ufupi.

PUNDA: Kwa ufupi, watu wa Amu, ndio Lamu, waliwapiga watu wa Pate pamoja na Wamazrui wa Mombasa hapo Shela, kiasi cha mwaka 1812 hivi. Waliposhinda wakaingiwa na hofu ya kisasi, wakamwita Seyyid Said wa Omani awalinde. Ngome ikakamilika 1821. Naye mlinzi ukishamkaribisha hupapenda, hakuondoka. Baadaye Waingereza wakaigeuza jela, serikali huru nayo ikaona jela haina ubaya, mpaka 1984. Leo ni makumbusho.

BEGI: Jela! Hilo bwana atalipenda. Kuna chumba cha mateso?

PUNDA: Kulikuwa na wafungwa wenye kiu. Babu yangu mzaa mama ndiye aliyekuwa akiwapelekea maji. Hilo halikuandikwa ukutani.

(Wanaingia kichochoro. Paka mwembamba, masikio marefu, amejilaza barazani nje ya msikiti.)

PAKA: Umebeba nini, Punda? Kama ni samaki, nisalimie. Kama si samaki, pita.

PUNDA: Mgeni. Anatafuta jangwa.

PAKA: Jangwa Amu? Wiki iliyopita alikuja mwingine kutafuta asili yangu. Akasema mimi ni wa mafarao. Akanipiga picha mia, asinipe hata kichwa cha dagaa.

BEGI: Huu ndio msikiti wa kale?

PAKA: Mkongwe kuliko wote ni Msikiti wa Pwani, huko karibu na ngome. Wanasema ni wa mwaka 1370. Na kama mnataka wenye sifa, nendeni Langoni, Riyadha, wa Habib Swaleh. Wakati wa Maulidi hujaa watu kutoka pwani nzima, na huyu mwenzangu hushindanishwa mbio kama farasi.

PUNDA: Nilikuwa wa tatu.

PAKA: Mlikuwa watatu wakati huo?

BEGI: Tunaweza kuingia kupiga picha?

PAKA: Vua viatu, omba ruhusa, jisitiri. Na ukiingia usikimbilie kibla peke yake. Tazama birika. Hapa msikiti haujengwi kwanza halafu maji yakatafutwa. Kisima ndicho kinachosema msikiti ukae wapi. Hata majumbani birika lina samaki wadogo, wanakula viluwiluwi wa mbu. Nawajua wote kwa sura. Hatujawahi kukutana ana kwa ana, ila siku itafika.

BEGI: Birika halimo kwenye orodha.

PAKA: Basi nendeni salama. Punda, ukipata samaki...

PUNDA: Nitakusalimia.

(Wanatokea ufukweni. Mji unabaki nyuma; jua linashuka upande wa bara. Ng'ambo ya mkondo kinaonekana kisiwa cha Manda.)

BEGI: Kule ndiko tulikoshuka na ndege.

PUNDA: Na huko huko ndiko Takwa. Kesho mtapelekwa kwa boti, maji yakiwa yamejaa. Yakipwa mtakwama kwenye mikoko, na utalii wenu wote utakuwa wa kaa na mbu.

BEGI: Simu inasema Takwa ni mji wa ajabu uliotoweka. Ukuta, nyumba, msikiti mkuu wenye nguzo juu ya kibla, kaburi la mnara. Hakuna ajuaye waliokuwamo walikwenda wapi.

PUNDA: Waliokuwamo? Walivuka maji wakaja Shela! Unaona mnara ule mweupe mbele? Msikiti wa Ijumaa wa Shela, wa 1829. Wazee wa pale watakuambia asili yao ni Takwa. Na wakati wa shida huvuka kwenda kwenye kaburi lile, lenye mwaka wa hijria 1094, wakaomba mvua. Watu hawajatoweka. Ni nyinyi hamkuuliza.

BEGI: Kwa nini wakahama? Vita?

PUNDA: Wapo wasemao vita na Pate. Lakini simulizi ninayoipenda, na mimi nina haki ya kupenda simulizi kwa kuwa ndiye nibebaye mitungi, ni kwamba visima viligeuka chumvi. Unaweza kuishi na adui miaka hamsini. Na kisima cha chumvi huwezi kuishi hata juma moja.

BEGI: Huzuni. Inafaa kwa maelezo chini ya picha.

PUNDA: Sasa tazama mbele. Jangwa lako hilo.

BEGI: Aaah! Ni lenyewe! Mchanga mtupu! Si nilikuambia? Hakuna kitu!

PUNDA: Hilo ni tangi.

BEGI: Tangi gani?

PUNDA: La maji. Mji wote uliopita, ngome, misikiti, birika na samaki wa Paka, unakunywa kutoka humo. Masika ikinyesha, mvua haikimbilii baharini. Mchanga unaipokea na kuishusha chini. Maji matamu ni mepesi, yanakaa juu ya yale ya bahari bila kuchanganyika upesi. Ukiteka taratibu, utateka wewe na wajukuu. Ukivuta kwa pampu kubwa, yale ya chini yanapanda, na chumvi ikishaingia kisimani haitoki kwa kuombwa.

BEGI: Lakini linaonekana tupu kabisa.

PUNDA: Ndivyo alivyoona na aliyekata viwanja. Palipo tupu pana mnunuzi. Ikachorwa ramani, zikaja hati, ikaja minazi kutoka kwingine, na bwawa la kuogelea hatua chache kutoka bahari ya Hindi, kwa sababu inaonekana bahari haitoshi.

BEGI: Mbona husemi? Si mnapiga kelele sana nyie?

PUNDA: Niseme nini? Mawe ya nyumba mtakayolala nimeyabeba mimi. Yalichimbwa Manda, yakaja kwa jahazi, yakapanda kilima kwa mgongo huu. Boriti, saruji, hata ngazi za bwawa. Nililipwa pumba. Mwenye kunimiliki alilipwa kidogo zaidi ya pumba, akashukuru, kwa kuwa ana watoto wanaosoma. Na jirani yake aliyeuza kiwanja hayuko Ulaya. Tunakutana naye sokoni kila asubuhi, analalamika maji ya bomba yana chumvi.

BEGI: Sasa hii imekuwa siasa. Bwana amekuja kupumzika.

PUNDA: Apumzike. Mimi sina neno na utalii, kila mgeni namleta. Ila ninyi mnapenda mahali pakishakufa. Takwa ingekuwa na watu, mngepita. Imekauka, mnalipa kiingilio.

BEGI: Unataka nikamwambie nini? Mimi nimejazwa mashati.

PUNDA: Si kitu, nakuzoesha kusikia tu. Tumefika.

(Lango jeupe la nyumba kubwa. Mwenye begi anakwenda kunawa kwenye bomba la bustani, anaonja, anatema. Anaandika kitu kwenye simu.)

BEGI: Anaandika malalamiko. Nyota mbili. "Mandhari bora, maji mabaya."

PUNDA: Yakisomwa huko, ataletewa maji ya chupa kutoka bara. Nitayabeba mimi.

BEGI: Subiri. Anakuja. Anasema jua linazama vizuri, anataka picha juu ya kilima, na kwa kuwa hakuna ngamia, anakuomba wewe usimame. Uinue shingo. Amesema watu hawatajua tofauti.

PUNDA: Mwambie malipo ni ndoo mbili za maji matamu.

BEGI: Anauliza, haya ya bomba hayafai?

PUNDA: Mwambie ngamia ndiye anayevumilia. Ndoo mbili, tena kabla ya picha.