Kumwokota Mgeni KIA

Kwa vijana wa Pasua wanaosoma Kiingereza wakitarajia kazi ya kuongoza watalii mlimani, "pick up" ni kauli yenye fitina. Kamusi huwaanzishia na kuokota. Anayeiamini kamusi kuliko masikio yake, siku akitumwa uwanja wa ndege wa KIA kufanya "pick up" ya wageni wawili, atajiuliza wameangukia wapi. Akitulia kidogo atakumbuka pikapu, lile gari lenye bodi wazi, aingie kosa la pili: wageni wapakizwe nyuma kama mikungu ya ndizi ya Kibosho. Na bado hajajua kwamba kwa kauli hiyo hiyo simu hupokelewa, mafua hupatikana pale kambi ya Horombo mlimani, kwenye mita 3,720, Kichaga hudakwa kwa kukaa dukani tu, na biashara ya utalii huchangamka ifikapo Juni.

Lawama zote humwendea Mwingereza, eti lugha yake haina utaratibu. Tumwonee huruma kidogo, maana ushahidi wa kumtetea umejaa kwenye daladala zetu. Abiria wa Kibosho anayekwenda mjini huambiwa apande gari. Gari linateremka mlima wote, naye akifika stendi ndipo anaposhuka. Amepanda ili ateremke, na huko kushuka kwenyewe ni ngazi moja ya mlango. Njiani ameambiwa kuwa nauli imepanda, na presha yake ikapanda papo hapo. Akifika anakula, anashushia na soda. Hakuna anayeshangaa.

Mbishi atasema panda na shuka zina angalau picha ya juu na chini, na hata "piga" yetu huandamana na jina la kuelekeza: piga simu, piga deki, piga pasi. Pasi nakubali. Sasa amweleze mgeni maana ya kupigwa mzinga. Mzinga ni wa nyuki au wa vita, lakini kijiweni aliyepigwa mzinga ameombwa hela tu, wala hahitaji kukimbizwa hospitali. Aliyepigwa chini naye kaachwa na mchumba, na amesimama wima kabisa.

Hoja ngumu zaidi ni ya walimu wa sarufi: hayo ni kitenzi na jina, ilhali Mwingereza huambatanisha kitenzi na neno la mahali, jambo ambalo sisi hatulifanyi. Hatulifanyi? Mahakama zetu hutupilia mbali rufaa kila wiki, na jalada halitoki mezani. Hakuna wakili aliyewahi kudai kipimo cha huo umbali. Konda naye humwambia abiria msumbufu "potelea mbali", na abiria anabaki pale pale mlangoni, akidai chenji yake.