Mama Kasema Yote, na ya Wenzake Pia

Msyuu! Hivi nyie mnataka mlokole wa namna gani? Tangu kahawa ya kwanza mnamsema mama wa watu, Anne Lamott wa kule California, kisa eti kampokea Yesu kwa tusi. Fundi viatu ndiye katuletea balaa lote hili. Kaazima kitabu chake, Traveling Mercies cha mwaka 1999, kafika penye tusi, kakifunga, kisha katangaza kijiwe kizima kwamba huo si wokovu, ni uhuni.

Haya, uhuni. Ila kama unasimulia, simulia yote, kaka. Huyu mama alikuwa mwandishi wa riwaya, anaishi kwenye boti pale Sausalito, baba yake kafa kwa uvimbe wa ubongo, na yeye anakunywa si mchezo. Mwaka 1984 katoka kutoa mimba, usiku kalewa, damu inamtoka, ndipo akahisi kuna mtu kachutama kwenye kona ya chumba. Akajua ni Yesu. Na wala hakufurahi! Aliwaza rafiki zake wasomi watamwonaje. Siku zilizofuata akawa anahisi kama kuna kipaka kinamfuata nyuma nyuma, kinataka kufunguliwa mlango. Mpaka akachoka, akatukana, akasema basi, ingia.

Mnacheka nini? Kanisani penyewe alifika kwa kuzuga. Jumapili alikuwa anakwenda gulioni Marin City kutafuta vitu vya mitumba, ng'ambo ya barabara kuna kanisa dogo la Kipresbiteri, waumini wengi ni weusi, wanaimba haswa. Anasimama mlangoni, anakula nyimbo, mahubiri yakianza huyoo, kaondoka. Hapa mtaani wa hivyo tunao, tena wengine wamekaa kwenye benchi hili.

Kilichonishika mimi si tusi. Ni kwamba baada ya kumwambia Yesu aingie, aliendelea kunywa. Pombe kaiacha mwaka 1986. Sasa pigeni hesabu. Ushuhuda wa huku kwetu mnaujua: nilikuwa mlevi kupindukia, nikaombewa, siku ile ile chupa nikaitupa, mpigieni Bwana makofi! Huo muda wa katikati, umeokoka na bado unanuka gongo, umewahi kuusikia madhabahuni? Huyu kauandika. Niliposoma pale kwa sauti, mama wa maandazi, ambaye ana mtu wake wa hivyo nyumbani, hakusema kitu. Aliendelea kugeuza maandazi yaliyokwisha kuiva, mpaka mwalimu mstaafu akamwambia dada, yanaungua hayo.

Kwa hiyo nampenda. Halafu nafika kwa mtoto, nasonya.

Mwanawe Sam kazaliwa 1989, bila baba ndani ya nyumba. Mwaka 1993 mama katoa Operating Instructions, shajara ya mwaka wa kwanza wa mtoto, na humo hajajificha: usiku mtoto analia, mama anawaza mabaya. Kitabu kikapendwa mno na akina mama, na naelewa kwa nini. Lakini mtoto akakua, na vitabu vikakua naye. Mwaka 2007 tunasimuliwa alivyomzaba kofi kijana wake kwenye mabishano. Mwaka 2012 zamu ya mjukuu. Hapo niko na fundi, huo ni uhuni: dhambi zako zitangaze hata kwa kipaza sauti cha mnadani, ila kofi ni la watu wawili, na mmoja kati yao hakushika kalamu.

Mwalimu kanirukia. Eti kitabu cha mjukuu kina jina la Sam kwenye jalada, kaandika pamoja na mama yake, kwa hiyo karidhia. Sawa, mwalimu. Lakini mtu aliyekulia vitabuni tangu hajaota meno, akiridhia ukubwani, ameridhia nini hasa?

Na kuna wale bibi wa kanisani. Mama alipokuwa na mimba, hana kitu, waliibeba shida yake kama yao. Mmoja alikuwa anampa vifuko vya plastiki vyenye sarafu za senti kumi kumi, na hata mambo ya mwandishi yalipomnyookea bibi hakuacha, vifuko vinakuja tu. Ukurasa ule nimeurudia mara nyingi kuliko wowote. Ila angalia, katika masimulizi haya mwenye shaka ni mama mwandishi, mwenye hasira ni yeye, anayegombana na Mungu ni yeye. Bibi anatoa sarafu na kuomba, basi. Bibi mweusi wa Marekani, mwenye umri ule, hakuwahi kuamka hata siku moja akamuuliza Mungu uko wapi? Hakuwa na tusi lake kifuani?

Kitabu cha huyo bibi ningekinunua bila kuomba punguzo.