Waraka kwa Mafundi Wanaotupigia Windows Kianda

Kwa ndugu zetu mafundi wa kompyuta wa Kianda, hapa Kibera, na kwa wenzenu wa Kawangware mnaogawana nao kazi na vipuri.



Naanza kwa shukrani kwa sababu mnastahili. Kompyuta za mtumba, hizi tunazoziita ex-UK, hupita mikononi mwenu kabla hazijafika kwetu. Nimemtazama mmoja wenu akifungua Dell kuukuu kwa mwanga wa simu, stima imepotea, akapuliza vumbi, akachomoa RAM, akasugua meno yake kwa kifutio cha mwanafunzi na kuirudisha. Stima iliporudi, mashine iliyokuwa ikilia tu bila kuonyesha kitu ikawaka. Ile ni kazi ya mtu anayeijua kazi yake. Na kwa kuwa mnaijua, nimeona niwaandikie hadharani, maana asiyejua tungemwacha tu.

Malalamiko yetu yanaanza pale mashine inapowaka.

Kwenu kila ugonjwa una dawa moja, nayo ni kupiga Windows upya. Mashine nzito, pigwa Windows. Printa haionekani, pigwa Windows. Msimu wa maombi ya vyuo kupitia KUCCPS, binti mmoja wa hapa alishindwa kufungua tovuti. Kila akijaribu, kivinjari kinamwambia muunganisho si salama. Akaipeleka mashine kwa fundi. Ikapigwa Windows, akalipa, jioni ile ikafanya kazi, na asubuhi yakawa yale yale. Kumbe saa ya kompyuta ilikuwa ikirudi nyuma miaka kila mashine ikichomolewa ukutani, kwa sababu ile betri ndogo ya CR2032 iliyo ndani yake ilikuwa imekufa. Kivinjari hulinganisha tarehe ya cheti cha usalama cha tovuti na saa ya mashine. Saa ikidai huu ni mwaka 2015, cheti kilichotolewa juzi kinahesabika kuwa bado hakijaanza kazi, na mlango haufunguki. Betri yenyewe ni ya ukubwa wa sarafu, na hata wauza saa za mkononi wanayo. Fundi angetupia jicho pembe ya chini ya skrini angeiona ile tarehe. Hakutazama, na binti alilipa kwa kazi ambayo haikuhitajika.

Dawa hiyo pia ina madhara. Kijana wa kidato cha nne alipeleka mashine yenye mradi wake wa somo la Kompyuta, ule wa karatasi ya tatu ya KCSE, kazi ya miezi. Hakuulizwa kama ana kitu cha kuhifadhi. Diski ilifutwa yote, C na D pamoja, ilhali D ingeweza kuachwa bila kuguswa. Ndugu zangu, kuuliza "una kitu humu?" hakuhitaji hata kuinuka kwenye kiti, na diski ya nje ya kunakilia mnayo pale mezani.

Nije sasa kwenye jambo mnalolifanya kimya kimya. Windows ikishakaa, mnazima kinga ya virusi, mnachomeka flashi, mnaendesha kile kiprogramu cha kuvunja leseni, mnasubiri neno la kuthibitisha litokee, kisha mnampa mteja mashine. Mteja hajui kilichofanyika. Programu isiyokubali kufanya kazi mpaka mlinzi atolewe mlangoni ilipaswa kuwashtua ninyi kabla ya mtu mwingine yeyote. Najua jibu lenu, kwamba leseni ni ghali. Ni kweli, Windows 11 Home huuzwa dola 139 kule Marekani, na mashine nyingi za mtumba tunazonunua hapa hazifiki bei hiyo. Lakini tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, kompyuta nyingi za kampuni kubwa kama Dell, HP na Lenovo hutoka kiwandani zikiwa na ufunguo wa leseni umeandikwa ndani ya BIOS. Ukiweka toleo lile lile lililokuja na mashine na kuiunganisha na intaneti, inajithibitisha yenyewe bila kuomba kitu. Kwa hiyo mara nyingi mnavunja kufuli ya nyumba ambayo ufunguo wake unaning'inia mlangoni, na mnatutoza kwa kuivunja. Kabla ya kufuta chochote, angalieni kwanza mashine ilikuja na toleo gani.

Halafu mnazima masasisho. Sababu mnayotupa ni bando, na bando ni ghali kweli, sibishi. Ila kumbukeni WannaCry. Mwezi wa Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu moja katika Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo kirusi kikapita kwenye tundu lile, kikafunga mafaili ya watu katika nchi nyingi na kudai fidia, hata hospitali za Uingereza zikaanza kuwarudisha wagonjwa nyumbani. Mashine zilizopokea sasisho la Machi hazikuingilika kwa njia hiyo. Waliokuwa wamezima au kuchelewesha ndio waliolia. Hapa kwetu flashi moja huzunguka kutoka saiba hadi shule hadi kanisa, kwa hiyo mashine moja isiyo na kinga haimdhuru mwenyewe peke yake.

Tena dawa ya bando imo ndani ya Windows yenyewe, nanyi mnaijua. Mtandao unawekewa alama kuwa ni wa kulipia data, na mashine inaacha kupakua mizigo mikubwa bila idhini. Mwenye mashine atasasisha siku atakayopata Wi-Fi. Penye kompyuta kadhaa, kama katika chumba chetu cha kompyuta cha vijana, kuna mpangilio unaoziruhusu zilizo kwenye mtandao mmoja zigawiane sasisho, moja ipakue na nyingine zichukue kwake. Kuweka mipangilio hiyo miwili ni kazi ya dakika chache. Kuzima kila kitu kulikuwa njia ya mkato kwenu, na hatari tukaachiwa sisi.

Kuhusu Windows 10, msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft iliruhusu watu binafsi kujisajili kwa masasisho ya usalama ya mwaka mmoja zaidi, lakini ni wateja wachache sana hapa walioambiwa na fundi wao kwamba nafasi hiyo ipo. Badala yake biashara mpya imezuka ya kuwawekea watu Windows 11 kwenye mashine ambazo Windows 11 yenyewe inazikataa. Inataka chipu ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele. Hizi Core i5 zilizojaa mtaani ni za kizazi cha nne, za mwaka 2013, au cha sita, za mwaka 2015. Mnatengeneza flashi kwa programu ya Rufus, mnaruka ukaguzi, inaingia. Si uongo kwamba inaingia. Lakini Microsoft imesema wazi kwamba mashine za namna hiyo hazina hakika ya kupata masasisho, na jambo hilo mteja hulijua siku limemfika. Mwambieni kabla hajatoa pesa. Akikubali, hilo ni lake.

Kuna njia nyingine ambayo hamtuonyeshi, nayo ni Linux. Kila nikiuliza naambiwa Linux ni ya wadukuzi, au kwamba watu wa mtaani hawataiweza. Kauli hiyo inaniudhi, nawaambia kwa heshima. Mwaka 2009 vijana wa Kibera waliingia vichochoroni na vifaa vya GPS wakachora ramani ya mtaa huu kwenye OpenStreetMap, katika mradi wa Map Kibera, wakati ambapo ramani za mtandaoni zilituonyesha kama eneo tupu. Kazi ile ilifanywa kwa programu huria, jamii moja na Linux. Taasisi ya Tunapanda iko papa hapa Kibera, na imejenga mtandao wa jamii, TunapandaNET, unaozifikishia shule masomo ya kidijitali. Watu wa mtaani waliweza zamani.

Linux Mint 22 yenye eneo-kazi la Xfce hutembea vizuri kwenye mashine ya RAM ya 4GB, haina leseni ya kuvunja, na itapata masasisho hadi mwaka 2029. Ila isiwekwe tu na kuachwa. Ifanyeni iifae Kianda. LibreOffice huhifadhi nakala ya dharura kila dakika kumi. Mahali ambapo stima hukatika bila taarifa, punguzeni ziwe mbili. Iambieni ihifadhi barua kwa muundo wa Word, kwa sababu saiba itakakochapishwa wanatumia Word. Hakikisheni fonti ya Carlito ipo, maana upana wa herufi zake ni sawa na wa Calibri, na CV iliyoandikwa saiba kwa Calibri haitapanguka ikifunguliwa nyumbani. Penye shule, wekeni Kiwix na Wikipedia nzima ndani yake, isomwe bila bando hata kidogo.

Sisemi kila mtu ahamie huko. Mwanafunzi anayejenga hifadhidata kwa Microsoft Access anahitaji Windows, na mhasibu ambaye programu yake haina toleo jingine vilevile. Hao wapeni Windows safi. Lakini wateja wenu wengi hufungua kivinjari, huandika barua na hutazama video, na hao mnawauzia Windows iliyovunjwa kwa sababu tu ndiyo iliyo kwenye flashi yenu.

Hata lugha hatuulizwi. Mwezi wa Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu wa IT+46 wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Windows 10 ina kifurushi cha Kiswahili cha bure. Mama anayeweka hesabu za kikundi chake cha akiba angependa kuambiwa hivyo, na fundi wake hajawahi kumwambia.

La mwisho ndilo lililonifanya nikae niandike. Chumbani kwetu tuna mashine ambayo hatuwezi kuingia kwenye BIOS yake, kwa sababu aliyeitengeneza aliweka nenosiri lake na sasa simu yake haipatikani. Akaunti yenye mamlaka ya msimamizi ina jina lake. Sisi wenyewe ni wageni ndani ya kompyuta tuliyoinunua. Sitamtaja, na sidhani kwamba nyote mko hivyo. Lakini nimesikia wateja wengi mno wakisema hivyo hivyo, na baadhi yenu mmekiri kwamba nenosiri ndilo linalomrudisha mteja dukani. Mteja hurudi kwa fundi aliyemwamini. Aliyefungiwa mashine yake hurudi mara moja, kisha huwaonya majirani.

Kwa hiyo tunawaomba haya. Mkimaliza kazi, chukueni karatasi mwandike mfumo gani umewekwa, leseni yake ni halali au la, masasisho yamewekwaje, na manenosiri yote, la BIOS likiwemo. Mkabidhini mwenye mashine karatasi hiyo pamoja na mashine yake. Kama kazi ya namna hiyo inadai ada kubwa kuliko mnayotoza sasa, itajeni. Tutalipa.

Wenu,
mlezi wa chumba cha kompyuta cha vijana, Kianda.