Jinsi ya Kupata Mbolea ya Ruzuku Kabla Mahindi Hayajafika Magotini

Kwanza, uwe na shamba. Si lazima uwe unalilima. Utakapoandikishwa kwa chifu utaulizwa jina, kitambulisho, nambari ya simu na ukubwa wa shamba, na hapo kwenye ekari ndipo mjanja hujulikana. Mwenye nusu ekari akisema nusu ekari, ajilaumu mwenyewe. Jirani yangu, ambaye ng'ombe wake akigeuka mkia unatokea nje ya ua, ameandikwa ana ekari 8. Hakudanganya, amejumlisha na zile za ndotoni.

Kwenye simu, tahadhari. Kwa mama wengi wa Trans Nzoia hati ya shamba ni ya marehemu baba mkwe, laini ni ya kijana aliye Nairobi, na jembe ndilo lao. Kwa hiyo ujumbe wa mbolea hufika Embakasi. Kijana akisoma kwamba amepewa mifuko 4, hujua mara moja ni matapeli wa gereza la Kamiti, akaufuta.

Tuseme umepata ujumbe. Mfuko wa kilo 50, uliokuwa ukiuzwa kama shilingi 6,500 kabla ya ruzuku ya Septemba 2022, ulishushwa hadi 3,500, na mwaka 2023 hadi 2,500. Ni nafuu kweli, wala sitanii. Pikipiki ya kwenda depo na kurudi mara tatu, chai, mandazi na kijana wa kubeba, hayo yahesabu baada ya kuvuna.

Fika saa kumi alfajiri. Weka gunia tupu kwenye foleni likushikie nafasi, nalo ulifungie jiwe, maana magunia ya wenzako yana miguu. Saa nne lango litafunguliwa, ila kwa lori. Usiulize lori lina ekari ngapi. Saa sita mtambo utakwama. Saa nane karani atakwenda kula, na hilo usimlaumu, naye ana tumbo. Saa kumi utaambiwa ya kupandia imekwisha, imebaki ya kukuzia. Ichukue! Mvua ilianza wiki tatu zilizopita, na ukifika nyumbani mahindi yatakuwa yameifikia yenyewe. (Kama ulipanda. Kama uliisubiri mbolea, pole.)

Nyumbani, tia konzi moja kwenye bakuli la maji kabla ya kusherehekea. Isipoyeyuka, usimwite mtu mwizi. Machi 2024 ilifichuka kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa kwenye mpango huu haikuwa mbolea. Serikali iliahidi kuwafidia walionunua. Mei, wabunge wakapiga kura ya kumng'oa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi. Kamati ya wabunge 11 ikaketi, ikasema madai hayakuthibitishwa, akabaki kazini. Aliondoka Julai, Rais alipovunja baraza lake, wakati vijana wako barabarani kwa mambo mengine kabisa. Mahindi hayakuwahi kuitwa kutoa ushahidi, ingawa umanjano wake ulionekana tangu barabarani.

Nawe usiumwage huo mfuko. Upakie kwenye mkokoteni, uzibie mashimo ya njia ya depo. Msimu ujao utaipita tena, na pikipiki itakupunguzia nauli.